Giaboksi ya mtumba: namna ya kuhakikisha uwiano wa gia unalingana na wa ile ya zamani

Mteja wangu mmoja alikuwa na Corolla ya kupelekea bidhaa za duka kutoka Morogoro hadi Iringa. Giaboksi yake ilikufa beringi, tukatafuta nyingine ya mtumba. Muuzaji akaipigapiga kwa kiganja akasema, "Fundi, hii ni ile ile, chukua ukafunge." Niliikagua nilivyozoea: nikatikisa shafti, nikatazama oili, nikaingiza gia zote moja moja, nikalinganisha matundu ya bolti. Kila kitu kilikaa mahali pake. Siku ya nne simu ikaita. Mteja yuko mlima Kitonga, nyuma ya malori, na kila foleni ikisogea gari haliondoki mpaka alingurumishe na kuachia klachi nusu nusu. Harufu ya klachi ilikuwa imejaa ndani ya gari.

Giaboksi ilikuwa nzima kabisa. Gari lake lilitoka kiwandani na giaboksi ya aina ya C50, ambayo gia namba moja ina uwiano wa 3.545. Niliyomfungia ilikuwa C52, yenye gia namba moja ya 3.166. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na gia namba mbili hadi tano zina uwiano ule ule. Lakini nguvu ya kuondokea ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 10, na mtu mwenye mzigo mlimani anaiona hiyo asilimia 10 kila anaposimama. Nilishusha giaboksi mara ya pili bila kumdai hela ya ufundi, na tangu siku hiyo sifungi giaboksi ambayo sijaihesabu kwa mkono wangu. Kazi yenyewe inataka chaki, pleti kuukuu ya klachi na dakika 20.

Namba unazozitafuta

Uwiano wa gia ni hesabu ya meno. Gia inayosukuma ikiwa na meno 11 na inayosukumwa ikiwa na meno 39, unagawanya 39 kwa 11, unapata 3.545. Maana yake shafti inayotoka kwenye injini inazunguka mara tatu na nusu na kidogo ili shafti ya pili izunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu zaidi na mwendo mdogo. Namba ikishuka chini ya 1, kama 0.815 ya gia namba tano, shafti ya pili inakimbia kuliko injini.

Baada ya hapo nguvu inapita kwenye difu, yaani krauni (gia kubwa) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), ambayo nayo ina uwiano wake: 3.722, 3.941, 4.058, 4.312 na kadhalika. Gurudumu linapokea namba hizo mbili zikiwa zimezidishwa. Gia namba moja ya 3.545 mara difu ya 3.722 ni 13.19. Namba hii nitaiita jumla.

Kwenye gari linalovuta mbele, kama Corolla, Vitz au Probox ya magurudumu mawili (yaani injini inasukuma magurudumu mawili tu), difu imo ndani ya kasha lile lile la giaboksi. Ukinunua giaboksi umenunua na difu yake, upende usipende. Kwenye gari linalovuta nyuma, kama Hilux, difu iko peke yake kwenye ekseli, na giaboksi inabeba uwiano wa gia tu. Weka tofauti hii kichwani, kwa sababu kila hatua inayofuata inaitegemea.

Anza na kibati cha gari, si duka la spea

Watu wengi wanakwenda Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) wakiwa na jina la gari tu: "Naomba giaboksi ya Corolla." Corolla gani? Ya mwaka gani, injini gani, iliyokusudiwa soko gani?

Fungua boneti utafute kibati cha chuma kilichopigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Magari mengine kibati kiko kwenye nguzo ya mlango. Toyota huandika mstari wenye maneno TRANS/AXLE, na mbele yake kodi mbili, yaani alama za utambulisho (code), zikitenganishwa na mkwaju (/). Ya kwanza ni giaboksi, ya pili ni ekseli au difu. Zipige picha zote mbili. Kodi ya difu haikuandikii "3.722" waziwazi, ni herufi na tarakimu zinazotafsiriwa kwa jedwali la kiwanda. Mwenye katalogi ya spea ya kielektroniki akiingiza namba kamili ya chesisi anaipata kwa dakika moja.

Kibati kinakuambia gari lilivyozaliwa. Hakikuambii kilichofanyika baadaye. Gari lililopita mikononi mwa watu watatu huenda limeshabadilishwa giaboksi, kwa hiyo muulize mwenye gari. Ikiwa giaboksi iliyomo bado inazunguka, ipime hata kama kibati kinasomeka vizuri.

Kodi iliyo kwenye giaboksi yenyewe

Nissan huandika kodi ndefu. Chukua FS5W71C, ambayo imefungwa kwenye magari mengi sana ya Nissan yanayovuta nyuma. F ni liva ya sakafuni, S ni aina ya sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia), 5 ni idadi ya gia, W ni mpangilio wa sinkronaiza wa Warner, 71 ni umbali kati ya shafti mbili kwa milimita, na C ni toleo. Sasa soma tena hiyo orodha. Uwiano wa gia haumo. FS5W71C ya pikapu na FS5W71C ya gari dogo la mwendo zinaweza kuwa na jina moja na meno tofauti ndani.

Subaru wao wanabandika lebo juu ya kasha la klachi, kodi ikianza na TY kwa giaboksi za mkono. Kodi nzima ndiyo yenye maana. Herufi za mwisho ndizo zinazotenganisha uwiano. Volkswagen wanagonga herufi tatu kwenye kasha, na herufi hizo zinatosha kukupa uwiano wote kwenye jedwali lao. Toyota za zamani mara nyingi zilikuwa na karatasi au alama ya rangi, na hadi zifike kwetu zikiwa zimeoshwa kwa mafuta ya taa, imebaki alumini tupu.

Kwa hiyo kodi ikiwepo, itumie kuzikataa zile zisizofaa haraka. Ikikosekana, au ikiwa ni ya aina isiyotaja uwiano, unahesabu.

Kuhesabu kwa chaki, giaboksi ikiwa chini

Nitaeleza giaboksi ya gari linalovuta mbele, kwa sababu ndiyo yenye mtego.

Iweke giaboksi juu ya tairi kuukuu ili isiyumbe, shafti ya kuingilia ikiwa imelala. Chukua pleti kuukuu ya klachi ya gari lako na uivike kwenye shafti. Hapo umefanya mambo mawili kwa mpigo: umejua kama mifereji ya shafti inalingana na klachi yako, na umepata usukani wa kuzungushia. Chora mstari mrefu wa chaki kwenye pleti, kutoka katikati hadi ukingoni, na mwingine kwenye kasha mkabala nao.

Upande wa kutokea kuna matundu mawili ya draivu shafti (shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu), kushoto na kulia. Chomeka jointi za ndani za draivu shafti kuukuu, au hata vipande vyake vilivyokatwa. Jointi zote mbili ziwekee alama ya chaki.

Kabla ya kuhesabu, weka gia huru na uzungushe jointi moja kwa mkono. Ile ya upande wa pili ikizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Ikizunguka uelekeo ule ule na kwa ukaidi, una difu ya kubana, na hesabu yake iko tofauti kidogo kama utakavyoona.

Sasa mtego wenyewe. Kwenye difu ya kawaida, ukizungusha shafti ya kuingilia, jointi mbili zinagawana mzunguko zinavyotaka. Moja inaweza kusimama na nyingine ikakimbia. Ukihesabu jointi moja huku nyingine iko huru, majibu hayatakuwa na maana yoyote, na nimeona mafundi wakubwa wakibishana nusu siku kwa sababu hiyo. Dawa ni kuishika moja isizunguke kabisa. Mwambie kijana aibane kwa koleo la kujifunga, au ifungie kamba kwenye kasha. Jointi moja ikisimama, ile ya pili inazunguka mara mbili ya mwendo wa krauni. Hivyo mizunguko miwili ya jointi ni mzunguko mmoja wa krauni.

Kama difu ni ya kubana, usishike upande wowote. Jointi zote mbili zitazunguka pamoja, na mzunguko mmoja wa jointi ni mzunguko mmoja wa krauni.

Ingiza gia namba moja. Panga alama zote zitazamane. Zungusha pleti polepole ukihesabu kwa sauti, huku mwenzako akitazama jointi iliyo huru. Jointi ikikamilisha mizunguko miwili, simama hapo hapo. Ukiwa umezungusha pleti mara 13 na kama sehemu moja ya tano, jumla yako ni 13.2. Sehemu ya mwisho usiikadirie kwa hisia: gawa ukingo wa pleti kwa alama 10 za chaki kabla ya kuanza, na kila alama itakuwa 0.1.

Gia ndogo zinatosha kwa mizunguko miwili ya jointi. Gia za juu zinataka mizunguko mingi zaidi, maana jumla ni ndogo na kosa dogo la jicho linakuwa kubwa. Kwa gia namba nne na tano mimi huzungusha jointi mara 20, yaani krauni mara 10, kisha nagawanya hesabu ya pleti kwa 10. Ukipata mizunguko 30 na alama tatu za pleti, jumla ni 3.03.

Rudia kila gia mara mbili. Majibu yakipishana, rudia mara ya tatu. Mara nyingi jointi iliyoshikwa imeteleza bila mtu kuona.

Kwa nini huruhusiwi kupima gia moja tu

Hapa ndipo ningeomba utulie, hata kama mengine umeyaruka.

Tuseme giaboksi ya zamani ni C50 yenye difu ya 3.722, na uliyoletewa ni C56 yenye difu ya 4.312. Zote za familia moja, zote za gia tano. Jumla za ile ya zamani ni 13.19 kwa gia namba moja, 7.09 namba mbili, 4.88 namba tatu, 3.61 namba nne na 3.03 namba tano. Jumla za mpya ni 13.65, 8.21, 6.00, 4.45 na 3.51.

Tazama gia namba moja: 13.19 na 13.65. Tofauti ni asilimia tatu na nusu. Mtu aliyepima gia namba moja peke yake, tena kwa alama chache za chaki, atasema hizi ni sawa na atafunga. Kumbe gia namba nne zinapishana kwa asilimia 23.

Kwa hiyo pima zote, halafu fanya jambo hili moja: kwa kila gia, gawanya jumla ya mpya kwa jumla ya zamani. Kwa mfano wetu unapata 1.03, 1.16, 1.23, 1.23 na 1.16.

Majibu hayo yanazungumza. Kama yote matano yangekuwa 1.00, ungekuwa na giaboksi inayolingana. Kama yote matano yangekuwa 1.16, ungejua kwamba meno ya gia ni yale yale na kilichobadilika ni difu tu. Kama manne yangekuwa 1.00 na moja likawa 0.89, ungejua difu ni moja na gia ile peke yake ndiyo imebadilishwa. Hilo ndilo jibu ambalo Corolla ya Kitonga ingenipa mapema kama ningepima. Majibu yakitawanyika kama haya ya C56, gia na difu vyote vimebadilika. Tena ukiwa makini utaona 1.16 imejirudia kwenye gia namba mbili na tano. Gawanya 4.312 kwa 3.722: ni 1.16. Gia hizo mbili zina meno ya uwiano ule ule kwenye giaboksi zote mbili, na zimetenganishwa na difu peke yake.

Umeijua difu bila kufungua hata bolti moja.

Kosa la kipimo lenyewe ni kama asilimia moja ukifanya kwa uangalifu. Tofauti ya 1.01 isikusumbue. Tofauti ya 1.03 rudia kupima. Tofauti ya 1.05 na zaidi ni ya kweli.

Magari yanayovuta nyuma

Huku ni rahisi zaidi. Hakuna difu ndani, shafti ya kutokea ni moja, na kinachohesabiwa ni uwiano wa gia moja kwa moja. Vika pleti mbele, zungusha, hesabu nyuma. Shafti ya nyuma ikizunguka mara 10 na pleti mara 38 na alama tatu, gia ni 3.83.

Jihadhari na gia namba nne. Kwenye giaboksi nyingi za aina hii gia namba nne ni 1.000, maana shafti mbili zinaunganishwa moja kwa moja. Kuipima ni kupoteza muda, itakuwa 1.000 kwenye giaboksi nzuri, mbaya na isiyo yako.

Mfano mzuri ni R150F na R151F za Toyota, za familia ya Hilux na Prado. R150F ina 3.830, 2.062, 1.436, 1.000 na 0.838. R151F ina 4.313, 2.330, 1.436, 1.000 na 0.838. Gia tatu za juu ni zile zile. Fundi aliyezungusha gia namba tatu, nne na tano ataapa kwamba ni giaboksi moja. Tofauti yote imekaa kwenye namba moja na mbili, na kwa gari la kuvuta mzigo huko ndiko kazi iliko. Anayetoka R150F kwenda R151F atafurahi kwenye matope na kukasirika kidogo anapoondoka kwenye mataa. Anayekwenda kinyume, mwenye gari la mzigo, hatafurahi popote.

Giaboksi ya zamani bado iko kwenye gari

Kama ile ya zamani inapiga kelele lakini inazunguka, ipime kabla ya kuishusha, maana ukishaifungua beringi zikamwagika hutaipima tena kwa njia hii.

Gari linalovuta mbele: weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki kisha weka stendi. Usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Gurudumu la pili la mbele libaki chini. Hilo ndilo linalofanya kazi ya yule kijana mwenye koleo. Toa plagi zote ili injini izunguke bila kugoma. Weka alama ya chaki kwenye puli ya krenki shafti (shafti kuu ya injini). Ingiza gia namba tano na zungusha gurudumu lililoinuliwa kuelekea mbele, ili injini izunguke upande wake wa kawaida na mkanda wa taimingi usilegee. Gurudumu mara 20 ni krauni mara 10. Puli ikizunguka mara 30 na kidogo, jumla ni 3.03. Kwa gia za chini mkono hautaweza kuzungusha gurudumu, kwa hiyo badili: zungusha puli kwa spana ya boksi na uhesabu gurudumu.

Injini iwe imezimwa muda wote na ufunguo uwe mfukoni mwako. Usimruhusu mtu "aiwashe kidogo tuone".

Kama giaboksi ya zamani imeshasagika, fungua kasha na uhesabu meno. Weka nukta ya rangi kwenye jino la kwanza, la sivyo utazunguka mara mbili bila kujua. Gawanya meno ya gia inayosukumwa kwa meno ya inayosukuma. Krauni na pinioni vivyo hivyo.

Subaru na wenzake: hapa kosa linavunja

Kwenye gari la magurudumu mawili, uwiano usiolingana unakuletea usumbufu. Kwenye Subaru unakuvunjia gari. Giaboksi yake imebeba difu ya mbele ndani, na difu ya nyuma iko kivyake. Zote mbili lazima zikubaliane. Forester na Impreza zimetoka na difu za 3.90, 4.11 na 4.44, kutegemea toleo. Ukifunga giaboksi ya 4.11 kwenye gari lenye difu ya nyuma ya 4.44, mbele na nyuma vinataka kwenda mwendo uliopishana kwa asilimia 8, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kinabeba ugomvi huo kila mita unayokwenda. Kinapata moto mpaka kinaganda. Dereva ataanza kuona gari linarukaruka na kukaza anapokata kona kali kwenye lami, akiegesha kwa mfano.

Bahati nzuri, giaboksi ikishashushwa propela shafti (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) iko huru, na hapo difu ya nyuma inapimika kirahisi. Inua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini. Zungusha lililo juu mara 20 na uhesabu propela shafti. Ikizunguka mara 41, ni 4.11. Ikizunguka mara 44 na nusu hivi, ni 4.44. Ikiwa gurudumu lililo juu linagoma kuzunguka, difu ni ya kubana. Inua yote mawili na uhesabu mara 10 tu.

Kuna toleo moja linalochanganya watu. Baadhi ya Subaru za mkono zina 3.90 mbele na 3.545 nyuma, na ziko sawa kabisa, kwa sababu ndani ya giaboksi kuna gia ya 1.1 kwenye njia ya kwenda nyuma. Gawanya 3.90 kwa 1.1, unapata 3.545. Ukikuta namba hizo usizirekebishe. Nunua giaboksi na difu ya nyuma kutoka gari moja, ndivyo ninavyowashauri wateja wa Subaru hata kama bei inapanda kidogo.

Toyota za difu ya mbele ndani ya giaboksi zenye magurudumu manne, kama RAV4, zinafuata sheria hiyo hiyo. Hilux na Land Cruiser hazifuati: giaboksi yake iko kabla ya transfa (kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma), hivyo ikibadilika inabadilisha mbele na nyuma kwa pamoja, na hakuna ugomvi.

Otomatiki

Otomatiki haihesabiki kwa chaki. Klachi zake za ndani zinashikwa na presha ya oili, na giaboksi ikiwa chini presha hakuna, kila kitu kinateleza. Huku unategemea kodi kamili, na ulinganishe herufi kwa herufi. Baada ya kufunga, kompyuta ya gari yenyewe ndiyo inayohesabu: inalinganisha mwendo wa kuingia na wa kutoka. Ikikuta namba isiyoitambua inaweka hitilafu ya P0730, au P0731 hadi P0736 ikitaja gia husika, na mara nyingi inalifungia gari kwenye gia moja. Hitilafu hizo pia hutokea klachi za ndani zikichakaa, kwa hiyo thibitisha kodi kwanza kabla hujamrudishia muuzaji.

Uhakikisho wa mwisho, barabarani

Ukishafunga, pima tena kwa mwendo. Unahitaji mzingo halisi wa tairi. Weka chaki kwenye tairi na ardhini, sukuma gari mpaka chaki iguse chini tena, pima kwa futi kamba. Njia hii inahesabu na ule mbonyeo wa tairi unaotokana na uzito wa gari. Tuseme umepata mita 1.80.

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari. Weka gia namba tano, kilomita 80 kwa saa, na mwendo usomwe na mwenzako kwenye simu kwa setilaiti. Soma RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Zidisha RPM kwa mzingo, zidisha kwa 0.06, gawanya kwa 80. Ukisoma 2,250 utapata jumla ya 3.04, yaani ile difu ya 3.722. Ukisoma 2,600 utapata 3.51, na ujue difu ni ya 4.312.

RPM ikipanda unapokanyaga na kushuka unapoachia, huku mwendo ukiwa ule ule, klachi inateleza. Suluhisha hilo kwanza. Na spidomita ya gari usiitumie kuhukumu uwiano. Kwenye magari mengi ya mbele inachukua mwendo wake kwenye krauni, na kwenye ya nyuma inachukua kwenye shafti ya kutokea, hivyo inaweza kusoma sawasawa hata kama gia zote za ndani si zako.

Ikiwa hazilingani

Kwa gari la magurudumu mawili, mwenye gari aambiwe namba na aamue mwenyewe. Difu ndefu kidogo (yenye namba ndogo) kwa mtu wa safari za barabara kuu inaweza kumpunguzia kelele na mafuta. Kwa mtu wa mlima na mzigo, mkatalie.

Kama majibu yote ya kugawanya yamelingana, kilichobadilika ni difu, na inawezekana kuhamisha ya zamani. Kumbuka tu kwamba kwenye giaboksi nyingi za mbele pinioni imechongwa pamoja na shafti ya pili, kwa hiyo krauni haihami peke yake, na mkazo wa beringi unapangwa upya. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi mwenye vipimo. Mara nyingi kuirudisha na kutafuta nyingine ni nafuu zaidi.

Ndiyo maana makubaliano na muuzaji yafanyike kabla ya hela kutoka. Mimi huenda dukani na pleti ya klachi, jointi mbili na chaki kwenye mfuko, namwambia, "Kaka, nitaihesabu hapa hapa, ikilingana nalipa." Wengi wanakubali, na wengine wanavuta kiti watazame. Nikimaliza, naandika jumla tano kwa kalamu ya rangi nyeupe juu ya kasha, pamoja na tarehe, ili fundi atakayeishusha miaka ijayo azikute.